Shekeli 17 kwa shamba lililo mikononi mwa adui

Mwaka wa kumi wa kutawala kwake Sedekia, mfalme wa Yuda, Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Babeli na njaa ilishaingia. Katika uwanda wa walinzi alifungwa mtu mmoja aliyekuwa akigawiwa mkate mmoja kwa siku kutoka mtaa wa waokaji, mpaka mikate ya mjini ilipokwisha yote. Kosa lake lilikuwa kusema mji utaanguka. Huyo ni Yeremia, na ndipo binamu yake Hanameli alipomjia na biashara: ninunulie shamba langu la Anathothi, maana haki ya kulikomboa ni yako.

Anathothi ni kijiji kilichokuwa kama kilomita 5 kaskazini mashariki mwa Yerusalemu, yaani ng'ambo ya mstari wa adui. Shamba la huko usingeweza kulilima wala kulikagua, hata kwenda kuonyeshwa mipaka usingeweza. Dalali yeyote wa viwanja, awe wa Kibaha au wa Kitengela, angekwambia hiyo si bei ya kutupa, hiyo ni fedha ya kutupa. Tena mnunuzi ndiye yule yule anayetangaza mchana kweupe kwamba nchi yote inachukuliwa.

Yeremia akalinunua. Isome sura ya 32 ya kitabu chake polepole, utaona anaandika kama karani wa ardhi. Alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Wakati huo Yuda haikuwa na sarafu. Shekeli ilikuwa uzito wa kama gramu 11 na nusu, kwa hiyo kilichowekwa mizanini hakikufika hata robo kilo. Ikaandikwa hati ya mauzo kwa nakala mbili, moja ikatiwa muhuri, nyingine ikaachwa wazi. Mashahidi wakatia majina yao, mbele ya watu wote waliokuwa wameketi uwandani. Kisha nakala zote mbili akakabidhiwa Baruku mwana wa Neria, na agizo juu yake: zitie katika chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi.

Nakala mbili zilikuwa na kazi yake. Iliyo wazi ni ya kusomwa na yeyote mwenye shida nayo. Iliyofungwa ni ya kulinda maneno yasichezewe. Ukizuka ugomvi, muhuri unavunjwa mbele ya hakimu na maandishi yanalinganishwa. Hati za mtindo huu zilipatikana mwaka 1961 katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, zikiwa za mwanamke Myahudi aliyeitwa Babatha, wa karne ya 2 baada ya Kristo. Nao mtungi haukuwa pambo la mahubiri. Katika nchi kavu kama ile, chombo cha udongo kilichofunikwa vizuri ndicho kabati la nyaraka. Magombo yaliyoanza kugunduliwa Qumran, kando ya bahari hiyo hiyo, mwaka 1947 yalikuwa yamekaa mapangoni kwa takriban miaka 2,000, mengine ndani ya mitungi.

Makaratasi haya yana maana yake. Tumaini la Yeremia lilikuwa na bei, lina hati, lina mashahidi, lina mahali pa kuhifadhiwa, na lina muda mrefu kuliko maisha yake. Chukua vitu hivyo vitano uvitumie kupima lolote unaloambiwa ni tumaini la Kikristo siku hizi za bei kupanda, kazi kukosekana na uchaguzi kutia watu hofu. Ukiulizwa "unatumaini?" ukajibu "sana", swali linalofuata ni: umepima shekeli ngapi, na nani ameshuhudia?

Kiswahili chenyewe kinatuponza kidogo hapa. "Nina matumaini" tunasema hata kwa timu ya taifa inayohitaji kushinda mabao matano ugenini. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya tumaini, tikva, ndilo hilo hilo linalotumika katika Yoshua 2 kwa kamba nyekundu aliyoifunga Rahabu dirishani. Kitu cha kushikika, kinachofungwa mahali kwa mkono. Na mwandishi wa Waebrania 6 anaposema tumaini ni nanga ya roho, mtu wa pwani ana haki ya kumwelewa kuliko mtu wa bara. Nahodha anajua nanga haizuii chombo kwa uzito wake tu. Inazuia kwa sababu ukucha wake umezama mchangani, na hauzami mpaka amari, yaani kamba ya nanga, ilegezwe ndefu, mara kadhaa ya kina cha maji, ili mvuto uje kwa ulalo. Ukitia nanga kwa kamba fupi kwa kuogopa kupoteza kamba, upepo ukizidi unainyanyua na chombo kinakwenda mrama nayo ikining'inia. Tumaini la kamba fupi lipo, na ndilo linalouzwa zaidi.

Mfano wake ni mstari ambao umeandikwa kwenye vikombe, kwenye kalenda za makanisa na nyuma ya daladala: Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mstari mzuri. Tatizo ni mstari wa 10, ambao hauingii kwenye kikombe: miaka 70 kwanza. Mstari huo umo katika barua ya Yeremia iliyopelekwa kwa watu waliokwisha kuhamishwa kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Mtu wa miaka 30 aliyeisikia ikisomwa alijua papo hapo kwamba yeye harudi. Ndiyo maana maagizo yake ni ya watu wanaokaa: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, waozeni watoto wenu, utakieni amani mji huo na kuuombea, kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Mji unaoombewa ni Babeli yenyewe.

Alikuwepo aliyetoa ofa nzuri zaidi. Sura iliyotangulia, nabii Hanania alisimama hekaluni, akaivua nira ya mti ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja mbele ya makuhani, akasema: miaka miwili tu, vyombo vyote vya hekalu vitarudi, na mateka wote. Ibada hiyo bila shaka ilichangamka. Yeremia alijibu "Amina, BWANA na afanye hivyo", kisha akaongeza kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitokea. Hanania alitabiri mwezi wa tano. Mwezi wa saba wa mwaka ule ule alikufa.

Eneo letu limelipia sana tumaini la aina ya Hanania. Kanungu, Uganda, waumini waliuza mali zao na kuikabidhi kwa viongozi waliowatangazia mwisho wa dunia. Tarehe ilipita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada. Msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu, watoto wakiwemo. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikanyagana wakafa uwanjani wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyoombewa. Matukio haya hayalingani, na aliyekwenda Moshi kutafuta uponyaji hastahili kuwekwa fungu moja na mchungaji wa Shakahola. Ila yote yana kamba fupi: jibu ni leo, au tarehe fulani, na linapitia kwa mtu mmoja. Walioahidiwa mwisho waliuza mashamba. Yeremia, aliyeambiwa mji wake unaanguka, alinunua.

Kwa hiyo ukisikia neno la faraja na hujui uliweke wapi, angalia kwanza kama lina tarehe. Yesu alisema habari ya siku ile hakuna aijuaye. Angalia kama lina ada, hasa ada inayopanda kadiri shida yako inavyozidi. "Panda mbegu" ya mwenye kodi ya nyumba ya miezi mitatu nyuma inamtoa kwenye shida ya mwenye nyumba na kumtia kwenye shida ya mkopeshaji wa simu. Angalia linakutenga na nani: ndugu, jirani, daktari, mwalimu wa mtoto. Dawa za kifua kikuu, za kisukari, za presha au za kufubaza virusi ambazo mtu anaambiwa aziache "kwa imani" ndiyo alama mbaya kuliko zote, maana madhara yake huja kimya kimya kwa wiki au miezi, wakati shuhuda zimeshatolewa jukwaani. Anayemwamini Mungu anywe dawa saa ile ile, aombe saa ile ile.

Tukija kwenye kazi yenyewe, ya kwanza ni kuomboleza, na hapa makanisa mengi ya leo yamepoteza ufundi. Katika Zaburi zote 150, zile za kulalamika ndizo kundi kubwa kuliko mengine, lakini nenda ibadani Jumapili kumi mfululizo uhesabu ni ngapi zimeimbwa. Zaburi ya maombolezo ina sehemu zinazojulikana: kumwita Mungu kwa jina, kueleza lililo baya, kuomba jambo mahususi pamoja na sababu, kutamka tumaini, na mara nyingi kuahidi sifa. Zaburi ya 13 inafaa kujifunzia kwa sababu ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Miwili ya kati inaomba, na haioni haya kutoa hoja: nisije nikalala usingizi wa mauti, adui yangu asije akasema nimemshinda. Miwili ya mwisho inageuka: nami nimezitumainia fadhili zako.

Ukitaka kuijaribu, chukua daftari na nusu saa. Andika kwa lugha unayootea ndoto, Kisukuma, Kikamba, Kihaya, yoyote. Maombolezo ya lugha ya kanisani hutoka yamepigwa pasi. Malalamiko yachukue nusu ya karatasi na yawe na majina ya vitu: ada ya muhula wa pili, majibu ya kipimo, mume aliyeacha kupokea simu. Ombi liwe moja, au mawili. Kosa linalotokea karibu kila mara ni kukimbilia mgeuko. Mtu anaandika mstari mmoja wa shida na mistari kumi ya "lakini Mungu ni mwema", halafu anashangaa kwa nini kifua bado kizito. Kosa la pili ni kudhani mgeuko lazima utokee siku hiyo hiyo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na imo katika Biblia kama zilivyo nyingine. Kitabu cha Maombolezo kimepangwa kwa alfabeti ya Kiebrania yenye herufi 22. Sura ya 3, iliyo katikati, ina mistari 66, na humo ndimo yalimo maneno tunayoyapenda, kwamba huruma za BWANA ni mpya kila siku asubuhi. Lakini kitabu hakikuishia hapo. Kilirudi kwenye majivu kwa sura mbili zaidi, na mstari wake wa mwisho kabisa unasema habari ya hasira. Aliyekipanga hakuona haja ya kukitia sukari mwishoni.

Yeremia mwenyewe alikuwa na shaka, na aliileta baada ya kulipa. Hati ilipokwisha kukabidhiwa Baruku, akaomba sala ndefu, mstari wa 16 hadi 25, inayoanza kwa kusema hapana neno lililo gumu usiloliweza na kuishia na kitu kama: maboma ya adui haya hapa, unayaona, nawe umeniambia ninunue shamba kwa fedha? Mungu akamjibu kwa maneno ya Yeremia mwenyewe, yakiwa swali: je, kuna neno gumu lolote nisiloliweza? Wanaosubiri shaka iishe ndipo watende, wana mpangilio tofauti na huu.

Kwa anayekwenda kumfariji mwingine, ufundi ni mwingine tena. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu juu ya watoto wake mwenyewe. Hayakusemwa na jirani aliyefika msibani na kuondoka kabla ya chai. Rafiki zake watatu walifanya vizuri siku 7 za kwanza, waliketi naye chini usiku na mchana bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo mambo yalipoharibika, na Mungu akaja kuwakemea wao. Sisi tuna neno "pole", na linatosha. Ongeza kilo ya sukari, unga, ndoo ya maji, na mtu wa kulala na watoto. Wiki ya tatu, maturubai yakiwa yameshaondolewa, rudi. Wengi huwa wameshasahau.

Na yuko ambaye hali yake imevuka hapo: halali wiki nzima, hataki kula, anasema afadhali asingekuwepo. Huyo asiachwe peke yake na apelekwe hospitali. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate ulioiva juu ya makaa na maji ya gudulia, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo safari ya siku 40 kwenda Horebu, na maongezi na Mungu yalikuwa huko mwisho wa safari.

Mashahidi wa hati ya Yeremia walikuwa watu waliokaa naye uwandani. Kwa Wakatoliki wa kwetu, uwanda huo mara nyingi ni jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani wana sala za nyumba kwa nyumba zinazofanana nazo. Njia inayotumika sana ni ya hatua saba, iliyosambazwa kutoka taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kurudia maneno yaliyogusa, kukaa kimya, kushirikishana, kujadili kazi ya kufanya, na kusali pamoja. Katika nyakati ngumu hatua mbili hufa kwanza. Ya nne, kimya, inakatwa ikawa sekunde kumi kwa kuwa kimya kinaogopesha. Ipewe dakika tatu au nne za saa. Ya sita inageuka kuwa matangazo ya michango ya parokia. Hiyo ndiyo hatua ya shekeli: nani anakwenda kwa nani, lini, na kitu gani mkononi. Iandikwe, na wiki inayofuata ianzie hapo.

Kuhusu fedha, Agano Jipya lina utaratibu ambao mweka hazina yeyote angeutambua. Katika Matendo 11, nabii Agabo anatabiri njaa kubwa, ile iliyotokea zamani za Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia hawakuuliza tarehe wala hawakununua mafuta. Walichanga, kila mtu kwa kadiri alivyoweza, wakapeleka Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Miaka baadaye, akichangisha kwa ajili ya Yerusalemu, Paulo anaagiza katika 1 Wakorintho 16 kwamba kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kidogo kidogo, pasiwe na harambee ya kukurupuka atakapofika, na kwamba wapelekaji wachaguliwe na kanisa lenyewe. Katika barua ya pili anasema wazi anachoepuka: mtu asije akawalaumu kwa ajili ya karama hiyo.

Mfuko wa jumuiya ya kaya 15 unaweza kukaa vivyo hivyo. Kiasi cha wiki kiwe kile ambacho kaya maskini kuliko zote inaweza bila kuona aibu, hata kama ni shilingi 500 za Tanzania. 500 za kaya 15 ni 7,500 kwa wiki, 390,000 kwa mwaka wa wiki 52. Si nyingi, ila inalipa nauli ya kwenda hospitali ya rufaa na kurudi kwa watu kadhaa, au inaanzisha jeneza. Watu watatu waidhinishe kutoa, wasiwe wa nyumba moja. Matumizi yanayoruhusiwa yaandikwe siku ya kwanza, ugonjwa na msiba na njaa, kwa sababu harusi ikiingia mara moja haitoki tena. Hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi. Mifuko mingi inavunjika kwa mkopo wa kirafiki kwa mtunza fedha kuliko kwa wizi, na yeye mara nyingi alikuwa na nia ya kurudisha.

Yeremia hakulima lile shamba. Ukuta wa Yerusalemu ulibomolewa mwaka wa 11 wa Sedekia, mwezi wa nne, siku ya tisa. Walionusurika walimchukua kwa nguvu mpaka Misri, akatabiri huko Tahpanesi, na habari zake zinaishia huko huko. Mtungi haukutajwa tena. Koreshi wa Uajemi aliwaruhusu mateka kurudi mwaka 538 kabla ya Kristo, na kitabu cha Ezra kina orodha yao, sura nzima ya majina na hesabu ambayo wasomaji wengi huiruka. Katika sura ya 2, mstari wa 23, imeandikwa: watu wa Anathothi, 128.